Kabeji Zilizokataa Kufunga

Mwalimu Musyoka alipofariki, wachache wetu tuliosoma pamoja tulikutana kwenye mkahawa mmoja mjini Machakos tupange namna ya kwenda mazishini. Nilifika mapema, kama kawaida yangu, nikachagua kiti cha pembeni karibu na sinki la kunawia mikono, mahali ambapo watu wakikuangalia sana unaweza kusimama ukajifanya unanawa. Wenzangu waliingia kwa vishindo, wakakumbatiana, wakaambiana umenenepa, umekonda, wewe ni yule yule. Mmoja alinitazama, akawageukia wengine. "Na huyu ni nani?" Wakanichunguza, nami nikawa nimeanza kutaja jina langu kwa ile sauti yangu ya chini, ndipo mwingine akapiga meza kwa kiganja: "Aiya! Si ni yule wa sukuma!" Meza nzima ikacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, hakikuwa na ubaya wowote, nami nikacheka pia. Lakini nilipokuwa nikimega chapati yangu nilihesabu walivyonijua watu hawa, nikaona ni hilo tu. Nilikaa nao miaka minne, nikala nao, nikalala chumba kimoja nao, na kilichobaki ni mboga. Tangu siku hiyo mwaka ule wa kidato cha nne umekuwa ukinirudia, hasa nikiwa jikoni peke yangu, na nimeona afadhali niuandike wote kuliko kuuacha ukae kama mzaha wa mezani.

Shule yetu ilikuwa mteremkoni, upande unaopigwa na upepo wa milima ya Iveti, na ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nililala kitanda cha juu kando ya dirisha lililokosa kioo kimoja. Tuliziba kwa katoni, na mvua ikinyesha katoni ililainika ikaanguka juu ya blanketi langu. Chini yangu alilala msichana ambaye hadi tunamaliza shule sijui kama aliwahi kuniita kwa jina. Haikuwa chuki. Nilikuwa mtu wa haya, haya ile ambayo watu huiona kama kiburi, na maneno yalinijia baada ya mazungumzo kwisha. Niliyaandika basi kwenye shajara, kila nilichopaswa kujibu mchana. Shajara ile haipo tena, panya walishaimaliza huko Kola kwa nyanya yangu, na sioni hasara kubwa, maana ilikuwa imejaa majibu mazuri ambayo hakuna aliyeyasikia. Ninachokumbuka bila kuandikiwa ni urefu wa saa ya chakula cha mchana. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, kwenye meza ndefu za mbao. Mtu mwenye marafiki hula huku akiongea, muda ukaisha. Mimi nilimaliza upesi, nikabaki na kazi ya kuutafutia muda huo mahali pa kuuficha. Niliosha sahani polepole. Nilikwenda chooni kwa njia ndefu. Nilisoma tangazo la ubaoni ambalo nililijua kwa moyo. Leo nikiona mtoto anatembea haraka haraka kwenye uwanja wa shule huku hana anakokwenda, namtambua mara moja.

Mwanzoni mwa mwaka huo Mwalimu Musyoka, aliyetufundisha kilimo, alitupeleka kwenye shamba la shule nyuma ya jikoni. Alikuwa mwembamba, amevaa gambuti na tai aliyoichomeka ndani ya shati isiguse udongo. Watahiniwa wote wa kilimo tulipaswa kulima kabeji, kila mtu tuta lake, na mtahini angekuja kuziona kabla ya mwaka kuisha. "Mnaweza kuanza na mbegu," akasema, "mtengeneze kitalu, mlee wenyewe. Ama mnunue miche, mpande moja kwa moja. Wa mbegu atachoka mapema. Wa miche atatangulia, lakini hajui amenunua nini mpaka kikue."

"Na ni gani iko na maksi mingi, mwalimu?" akauliza Syombua, msichana mrefu mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Iko na maksi mingi ni ile itakuwa na kabeji mwisho wa hii maneno yote."

Tulicheka. Kisha akasema tujipange wawili wawili, tusaidiane kuchota maji, kwa kuwa tangi lilikuwa mbali na shamba lenyewe lilikuwa kavu kama sakafu. Nilijua kitakachotokea. Watu walishikana mikono kana kwamba waliahidiana tangu nyumbani, na mimi nikainama nikaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri. Nilipoinua kichwa, Ndinda alikuwa amesimama mbele yangu. Ndinda alitoka Katangi, alikuwa na pengo dogo la meno mbele, na alikuwa mmoja wa wale ambao kila mtu hudhani ni rafiki yake. Alikuwa tayari amejipanga na Syombua. "Mutheu, si ukuje kwetu? Tuwe watatu, hakuna shida. Kuna mama anauza miche huko mtoni, tunaenda Jumamosi." Nikamjibu kwamba nitafikiria. Hivyo ndivyo mtu wa haya anavyosema ndiyo. Mchana kutwa nilitembea na mwaliko ule kama aliyebeba yai mfukoni, nikipanga tutakavyokaa watatu ukingoni mwa tuta, nitakavyosema kitu cha kuchekesha, na Ndinda atakavyocheka mpaka pengo lionekane.

Jioni nilikwenda kuoga. Mabafu yetu yalikuwa vyumba vya mabati visivyo na paa, kimoja hakifichi sauti ya kingine. Nilikuwa nimemwaga kopo la kwanza nilipomsikia Syombua upande wa pili. "Sasa huyo Mutheu unamwitia nini?"

"Si yuko peke yake," Ndinda akasema.

"Na awe! Wewe utaongea na yeye nini? Anakaa tu akikuangalia kama picha ya ukutani."

Ndinda akacheka. Alicheka sana, na bado akicheka akasema, "Wacha, bana. Mimi nilimuonea tu huruma."

Nilisimama na sabuni mwilini hadi walipoondoka, na hadi maji yangu yalipopoa kabisa. Kesho yake nilimtafuta Ndinda kabla hajanitafuta yeye. "Asante," nikamwambia, "lakini mimi nitapanda mbegu. Niko nazo nyumbani." Akashangaa. "Mbegu? Utaweza? Utakaa hapo shambani mpaka uote mizizi wewe mwenyewe!" Nikasema nitaweza. Sikuwa na mbegu yoyote. Sikuwahi hata kuiona mbegu ya kabeji.

Tulipofunga kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula nilikwenda kwa nyanya yangu, Kola. Susu, ndivyo tunavyoita nyanya kwa Kikamba, alikuwa jikoni akipuliza moto, na moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisalimiana kwanza, tukaonana baadaye. Alinipa isyo, mahindi na maharagwe ya mwaka ule ule, iliyopashwa moto hadi ikashika chini ya chungu, na sehemu ile iliyoshika ndiyo aliyonipakulia kwa sababu alijua naipenda. Nikamuuliza kama ana mbegu za kabeji. Susu hakuwa mtu wa kununua mbegu za pakiti. Mbegu kwake zilikuwa kitu cha kupewa. Wanawake walipokwenda mwethya, wakilimiana mashamba kwa zamu, kila mmoja alirudi na kitu alichopewa na mwenzake, kimefungwa kwenye ncha ya leso, bila karatasi, bila jina; mwenye kupokea alikumbuka alipewa na nani, na hilo ndilo lilikuwa jina la mbegu. Susu akafungua ncha ya leso ya zamani iliyoning'inia nyuma ya mlango. Zilikuwa mbegu ndogo za mviringo, nyeusi zenye wekundu kidogo.

"Hizi ni za mama mmoja wa huko milimani," akasema. "Alisema ni mboga ya baridi, nzuri sana."

"Alisema ni kabeji, susu?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Mwana wakwa, mboga ya baridi si ndio kabeji? Huko milimani watu wanauza nini ingine?"

Nikazifunga kwenye kitambaa changu cha mkononi. Nilizihitaji mno kiasi cha kutouliza tena.

Nilitengeneza kitalu mwisho kabisa wa shamba, kando ya ua. Nilisaga udongo kwa vidole hadi ukawa laini kama unga, nikachora mistari kwa kijiti, nikazimwaga mbegu kidogo kidogo, nikafunika kwa nyasi kavu na kujenga kichanja cha matawi juu yake. Nilimwagilia asubuhi kabla ya uji na jioni kabla ya masomo ya jioni, kwa mkebe wa mafuta niliotoboa matundu kwa msumari. Watu wazima hunisikiliza nikisema mbegu zinafundisha subira, nami huwaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba nilizipenda kwa sababu zilichukua muda mrefu. Sasa nilikuwa na mahali pa kwenda. Mtu akiniuliza, "Unaenda wapi?" nilijibu, "Kwa kitalu," na lilikuwa jibu kamili, la heshima, lisilohitaji mtu wa pili. Saa ya chakula cha mchana nilikwenda kuzitazama ingawa hazikutaka maji jua likiwa kali. Nilipiga magoti nikainua nyasi kidogo. Siku mbegu zilipochomoza, majani mawili mawili yenye umbo la moyo, niliangalia nyuma kumtafuta mtu wa kumwambia. Nikazirudishia nyasi.

Wenye miche, kwa upande wao, walirudi siku ya Jumamosi wakiwa na mafungu yaliyofungwa kwa magunia mabichi, wakapanda wakiimba. Kesho yake miche yote ilikuwa imelala chini kama walevi. Mingine ilikatwa na viwavi usiku, wakarudi kununua tena, na Syombua akaapa kwamba yule mama wa mtoni anafuga viwavi ili apate wateja. Lakini siku chache baadaye mingi ilisimama, na tulipofunga shule mwezi wa nne matuta yake na Ndinda yalikuwa yamefunika udongo, wakati mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimehamisha yangu kutoka kitaluni. Siku hizi nina kipande kidogo nyuma ya nyumba yangu huku Athi River, na majirani wanaofanya kazi viwandani huniuliza ipi ni bora, kupanda mbegu au kununua miche. Huwa nawauliza kwanza wana muda kiasi gani. Wanadhani naongelea mboga.

Tuliporudi mwezi wa tano mvua ilikuwa imefanya kazi nzuri kila mahali. Kabeji za wenzangu zilikuwa zimeanza kujikunja katikati. Zangu zilikuwa ndefu, zenye vikonyo virefu, majani yamekaa wazi kama mikono inayoomba. Mwalimu Musyoka alisimama kwenye tuta langu, darasa zima nyuma yake.

"Mutheu. Hii ni nini?"

"Kabeji, mwalimu."

"Kabeji ya wapi?" Akachuchumaa, akainua jani moja kwa upole, akalipindua. "Hii ni sukuma wiki. Na ni sukuma nzuri, sitakudanganya. Lakini hata ukingoja mpaka uolewe haitafunga."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Syombua alishika kiuno. "Kabeji ya Mutheu imekataa kufunga! Imesema haitaki kufungiwa!" Mchana ule ule nikawa Wa Sukuma. Niliitwa hivyo kwenye foleni ya chakula, bwenini, hata kanisani, na kusema kweli kulikuwa na raha ndani yake, raha ya aibu, kwamba walau sasa waliniita kitu.

Mwalimu aliniita ofisini. Mtahini alitaka kabeji, akaniambia. Kwa sukuma angeniandikia sufuri, hata kama ningeweza kulisha shule nzima. Bila alama za shamba nisingepita kilimo, na kilimo ndilo somo pekee nililolitegemea. Bado kulikuwa na muda, lakini hakukuwa na muda wa mbegu. "Ng'oa. Nunua miche Jumamosi hii." Ndinda alikuwa pale mlangoni ameleta madaftari ya darasa. Mwalimu akamnyooshea kalamu. "Wewe unamjua yule mama. Mpeleke. Na umsaidie kumwagilia mpaka zishike, maana huyu amezoea kulea vitu vinavyojua kujitegemea."

Tulitelemka hadi mtoni Jumamosi, Ndinda akiongea njia nzima nami nikiitikia. Yule mama alikuwa na vitalu kando ya maji, amejitanda leso kichwani, amekaa kwenye kopo lililopinduliwa. "Mwezi huu? Mmechelewa sana nyinyi." Ndinda akamweleza, akijitahidi asicheke. Yule mama hakujitahidi. Alicheka hadi akafuta macho. "Pole, mwanangu. Hata mimi ukiniwekea hizo mbegu mbili kwa mkono, siwezi kukuambia ni ipi. Hiyo kitu inakuambia jina lake yenyewe, ikitaka." Akatuchagulia mifupi yenye shina nene, akaing'oa na udongo wake, akaifunga kwa majani ya mgomba. Ilikuwa rahisi mno. Kazi niliyoifanya wiki nyingi ilikuwa sasa kifungu mkononi.

Tulikaa juu ya jiwe tukala mandazi. Ndinda akasema, bila kunitazama, "Ulikataa kuwa na sisi."

"Nilikuwa na mbegu."

"Mimi nilitaka ukuje. Syombua akianza kuongea, mtu hana pahali pa kuweka mdomo. Nilisema tukiwa watatu nitapumzika kidogo."

Sijui ujasiri nilitoa wapi. Labda ni kwa sababu naye alikuwa akitazama maji. "Niliwasikia kwa bafu," nikasema.

Ndinda aliacha kutafuna. "Nilicheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka," akasema hatimaye. "Ile ya huruma nilisema ndio aninyamazie." Kisha akakata andazi lake lililobaki akanipa nusu, ingawa nilikuwa na langu.

Mchana tuling'oa sukuma zangu pamoja. Mizizi ilitoka kwa shida, ikitoa sauti kama nguo inayochanika, na kila shimo lilibaki na harufu ya mvua. Tulizipeleka jikoni kwa mikono miwili, na jioni zilipikwa tukala na ugali. Nilimsikia mtu mezani akisema, "Leo sukuma ni tamu, wametoa wapi?" Ndinda, aliyekuwa meza ya mbali, alinitazama juu ya vichwa vyote.

Kabeji zile, niseme mapema, zilifunga kabla mtahini hajafika. Zilikuwa ndogo kama ngumi, lakini zilitosha, na nilipita. Sizikumbuki kwa sababu hiyo. Nazikumbuka kwa ile wiki ya kwanza, wakati zilikuwa zimelegea, majani yameanguka juu ya udongo, na Ndinda alikuja asubuhi na jioni. Tulizijengea kivuli cha vijiti na nyasi. Alichota maji, mimi nikamwagilia, na wakati huo wote aliniambia juu ya Katangi, juu ya duka la baba yake na punda wa maji aliyekuwa akigoma mbele ya kanisa kila Jumapili. Siku ya tatu nilisema kitu juu ya yule punda, sikumbuki nini, na Ndinda akaketi chini kwenye matope kwa kucheka. Pengo lilionekana. Ng'ambo ya ua Syombua alimwita, "Ndinda! Bado unalea watoto wa wenyewe?" naye akajibu kwa sauti, "Bado hazijashika!"

Bado hazijashika. Nilianza kuliomba neno lile. Kila asubuhi nilitelemka shambani na hofu ya mkulima iliyogeuzwa nje ndani. Nilipokuta jani limelala, moyo wangu ulitulia. Wakati wa kitalu nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa mmea unaochelewa ili nisiwe na haja ya watu. Sasa nilitaka miche hii ya kununua, iliyozoea haraka, ichelewe kama mbegu, ilale hapo hadi mwisho wa mwaka na isife wala isipone. Ningeweza kumwambia Ndinda aje hata zikishika. Yalikuwa maneno machache tu. Niliyapanga bwenini, niliyapanga nikisugua sahani, na kila alipofika na ndoo nilimwambia kwamba maji leo ni baridi.

Jumamosi iliyofuata nilifika kabla yake. Umande ulikuwa mwingi, na mstari mzima, kutoka uani hadi njiani, majani yalikuwa yamesimama, magumu, ya kijani cha buluu, kila moja na tone la maji katikati. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale Ndinda alipokuja. Akainua nyasi za kivuli, akachungulia, akapiga makofi. "Mutheu! Zimeshika! Umepona wewe!" Alikuwa amefurahi kwelikweli, kwa ajili yangu. Akaweka ndoo chini karibu na mguu wangu, akajipangusa mikono kwenye sketi, akangoja kidogo, au labda nilidhani tu kwamba alingoja. Kisha Syombua akaita kutoka upande wa bwenini naye akaenda, akikimbia ile mbio yake ya kurukaruka.

Nikatoa vijiti vya kivuli, kimoja kimoja, nikavipanga kando ya ua. Halafu nikajaza mkebe kutoka kwenye ile ndoo na kuanza kumwagilia mstari wa kwanza, ingawa udongo ulikuwa bado na maji ya kutosha.